Siku za Mgonjwa katika Mashamba ya Miwa ya Ramisi

Muwa uliokatwa haungoji. Tangu panga linapoupitia, sukari iliyomo huanza kupungua, na kiwanda hutaka uwe umefikishwa kwenye mitambo ya kusaga ndani ya siku moja, mbili zikizidi. Mnazi hauna haraka hiyo. Nazi iliyokomaa hukaa kileleni muda mrefu bila hasara kubwa, na muhogo husubiri ardhini miezi mingi hadi mwenyewe apate nguvu za kuung'oa. Kiwanda cha sukari kilipoanzishwa Ramisi mwaka 1927, kusini ya Msambweni kwenye njia ya Lunga Lunga, watu wa Shirazi, Bodo, Gazi na Kikoneni walikuwa wakiishi kwa mazao yanayosubiri. Zao jipya halikusubiri. Nadai hapa kwamba tofauti hiyo inaeleza mambo mengi katika historia ya mfanyakazi mgonjwa wa pwani ya kusini ya Kenya, hasa yule ambaye ugonjwa wake haumwui wala haupoi, bali humlaza siku kadhaa, humwachilia miezi miwili, kisha humrudia. Kwa sehemu kubwa ya karne iliyopita mtu huyo hakulindwa na ruhusa ya ugonjwa. Kilichomlinda, pale kilipokuwapo, ni kishamba chake mwenyewe na mkataba wa kazi wenye mianya. Na kila mageuzi yaliyokusudia kuifanya kazi ya mshahara iwe ya kudumu na yenye heshima yaliziba mianya hiyo bila kuweka kitu mahali pake.

Mpango wa siku za kazi na siku za kupumzika haukuletwa pwani na kampuni. Wadigo, kama Wamijikenda wenzao, walikuwa na juma la siku nne, na siku moja kati ya hizo haikuwa ya kulima. Katika mashamba makubwa ya pwani yaliyotegemea watumwa katika karne ya kumi na tisa, yakiwemo ya Wamazrui waliokuwa na makao yao Gazi chini ya Mbaruk bin Rashid, ilikuwa desturi iliyoenea kwamba mtumwa humfanyia bwana wake siku tano na kubakiwa na Alhamisi na Ijumaa kwa kishamba chake. Haikuwa huruma. Mtumwa aliyejilisha mwenyewe alimpunguzia bwana gharama, na mtumwa aliyeugua ilikuwa hasara ya bwana. Utumwa ulipofutwa kisheria kwenye pwani ya Kenya mwaka 1907, waliokuwa watumwa wengi walichokitafuta kwanza ni mahali pa kupanda chakula. Mshahara ulikuja baadaye, tena kwa vipande: siku hizi nifanye kazi ya mtu, siku zile nishughulike na yangu. Mwanahistoria Frederick Cooper, aliyeandika kwa kina juu ya mabadiliko hayo, ameonyesha kwamba watu wa pwani walishikilia sana uhuru wa kuchagua ni lini wafanye kazi ya mwingine. Maelezo yake ni ya kiuchumi, nami nayakubali. Ninachoongeza ni kwamba uhuru huo ulikuwa pia ndio matibabu ya pekee ambayo mtu mwenye ugonjwa wa kujirudia aliweza kujiandikia.

Sheria ya kikoloni ilimtazama mtu asiyefika kazini kwa jicho la polisi. Sheria ya Mabwana na Watumishi ya mwaka 1906, iliyofuatwa na ya mwaka 1910, ilifanya kukosekana kazini bila ruhusa kuwa kosa la jinai, la kutozwa faini au kufungwa. Kipande, yaani hati ya mfanyakazi, kilichotungiwa sheria mwaka 1915 na kuanza kutumika baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, kilimwezesha tajiri kumfuatilia mtoro hadi kijijini kwake. Humo mliandikwa ameajiriwa na nani, kwa mshahara gani, ameachishwa lini. Hamkuwa na nafasi ya kuandika kwamba mguu wake ulivimba. Hata hivyo, ndani ya mfumo huo mkali kulikuwa na kitu kimoja kilichomfaa mgonjwa pasipo mtu kukikusudia, nacho ni tikiti ya siku 30. Kibarua alipewa kadi, kila siku aliyomaliza kazi yake ikatiwa alama, na malipo yakatolewa alama zikitimia 30. Alipewa siku 42 za kuzikamilisha. Hesabu yake ni nyepesi: majuma sita yana Jumapili sita, basi zinabaki siku sita za kulala, kuzika, kupalilia mpunga au kuugua, na hakuna wa kumwuliza. Zile siku sita hazikulipwa hata senti. Lakini hazikuhitaji cheti cha daktari, wala mnyapara hakuwa na haki ya kudai maelezo, na kwa mtu mwenye matende jambo hilo lilikuwa na thamani kubwa kuliko wenye afya wanavyoweza kudhani.

Inafaa kuyatazama magonjwa yenyewe, kwa sababu hoja yote imesimama juu ya tabia yake. Matende huletwa na mnyoo uitwao Wuchereria bancrofti, unaosambazwa na mbu na kukaa katika mishipa ya limfu kwa miaka. Kwale, iliko Ramisi, na Kilifi ni miongoni mwa sehemu za Kenya zilizosumbuliwa nao zaidi, na ndiyo maana mpango wa taifa wa kugawa dawa kwa jamii nzima ulianzia pwani, Kilifi mwaka 2002, kisha Kwale. Watu huyajua matende kwa mguu uliojaa na kwa busha, lakini kinachomtoa mtu kazini kwanza ni ile homa ya ghafla: mtoki unavimba, mguu unawaka moto, mwili unatetemeka, na kwa siku tatu, tano, hata wiki, mtu hawezi kukanyaga chini. Kisha inapita. Anarudi kazini akiwa mzima machoni pa wote, mpaka itakapomrudia mara nyingine mwaka huohuo. Kichocho kina njia yake tofauti. Katika vijiji vya Msambweni kama Milalani, ambako mabwawa yana konokono wanaobeba vimelea vyake, mtu huambukizwa utotoni na kuambukizwa tena na tena. Hakimlazi kitandani. Kinamnywa damu polepole kupitia mkojo, kinamwachia uchovu, maumivu ya tumbo na kibofu kilichoharibika. Ongeza selimundu, ambayo huzaliwa nayo watu wengi katika ukanda huu wa malaria na hushambulia kwa vipindi vya maumivu makali ya mifupa. Ni magonjwa matatu yasiyofanana, lakini daftari la mahudhurio linayashindwa yote kwa sababu moja: linauliza kama mtu yupo au hayupo leo, na magonjwa haya yanataka kuulizwa kwa mwaka mzima.

Watawala na wenye mashamba waliona mapengo katika madaftari yao wakayapa jina. Watu wa pwani, walisema, ni wavivu. Shutuma hiyo imerudiwa katika maandishi ya utawala kwa miongo, na haja ya kuwalazimisha watu hao kufanya kazi ilichangia hata vita vya Wagiriama vya mwaka 1914. Ramisi iliendeshwa kwa sehemu kubwa na watu waliotoka mbali: Wakamba, Waluo, Waluhya, na Wamakonde waliovuka kutoka Msumbiji kuja kwenye miwa na mkonge. Msomaji makini atanikatiza hapa. Atasema Mdigo hakwenda Ramisi kila siku kwa sababu hakuwa na haja: alikuwa na minazi, alikuwa na ardhi, na mshahara wa miwa ulikuwa mdogo kwa kazi ngumu. Kwa nini tuingize ugonjwa mahali ambapo hesabu ya fedha inatosha? Pingamizi hilo ni zito, na sehemu yake kubwa ni kweli. Lakini ardhi inaeleza ni kwa nini mtu aliweza kukosekana. Haielezi siku alizokosekana zilitumika kwa nini. Mtu mwenye ardhi na mguu mzima anaweza kuchagua kutokwenda kwa sababu anavuna mpunga. Mwenye ardhi na mguu uliowaka moto hachagui, ila ardhi inamwezesha kula wiki ile. Daftari liliwaandika wote wawili kwa alama moja, na mwandishi wa ripoti akawapa wote wawili tabia moja.

Wamakonde wanaonyesha upande wa pili wa jambo hili. Wao hawakuwa na minazi ya urithi Kwale. Walikaa pembezoni mwa mashamba ya watu na ya makampuni, na kwa miongo baada ya uhuru walikaa pia pembezoni mwa sheria, bila vitambulisho vya taifa, hadi walipotembea kwa miguu kutoka Kwale kuelekea Nairobi mwezi wa Oktoba 2016 na serikali ikakubali kuwatambua kuwa kabila la 43 la Kenya. Mtu asiye na kitambulisho hakuweza kujiandikisha kwa urahisi katika Mfuko wa Bima ya Hospitali ulioanzishwa mwaka 1966, wala katika ule wa akiba ya uzeeni uliotangulia mwaka mmoja. Akiugua, hakuwa na cha kuvuna nyuma wala wa kumlipia mbele. Mbu wa Ramisi hawakumbagua. Kama ugonjwa ungekuwa jambo dogo katika maisha ya kazi, tofauti kati ya mwenye kishamba na asiye nacho ingekuwa tofauti ya kipato tu. Ilikuwa zaidi ya hapo: mmoja aliweza kuugua na kubaki mfanyakazi, mwingine alipougua alikuwa akielekea kuacha kuwa mfanyakazi.

Kuna pingamizi la kitaalamu ambalo ni kali kuliko lile la ardhi, na linatoka katika miwa yenyewe. Mwaka 1972 Alan Fenwick na mwenzake Figenschou walichapisha matokeo ya utafiti uliofanywa kwa wakata miwa wa shamba la TPC, Arusha Chini, karibu na Moshi nchini Tanzania. Wakata miwa walilipwa ziada kulingana na kazi waliyofanya, kwa hiyo iliwezekana kulinganisha walioambukizwa kichocho cha matumbo na wasioambukizwa. Tofauti ilikuwepo, lakini ilikuwa ya asilimia chache tu. Mtu anaweza kuisoma hesabu hiyo akasema: basi ugonjwa haukuwa na uzito, tumeutwika lawama isiyo yake. Mimi naisoma kinyume, bila kuwapunguzia heshima watafiti hao, ambao walipima walichoahidi kupima. Waliopimwa ni wale waliokuwa bado wanakata miwa. Kukata miwa ni miongoni mwa kazi nzito kuliko zote za shambani, na anayeidumisha tayari amechujwa. Yule ambaye kichocho kilimfikisha mahali pa kutoweza kuinua panga hakuwa kwenye orodha ya malipo siku ya kupima. Alikuwa amekwisha kurudi kwao, au amepewa kazi ya kulinda lango, au ameacha. Kumtafuta mgonjwa kati ya wanaokata miwa ni kumtafuta mahali ambapo ugonjwa umekwisha kumwondoa.

Msambweni iliisaidia dunia kuliona kosa hilo. Tangu miaka ya 1980 madaktari wa Wizara ya Afya ya Kenya na wa Chuo Kikuu cha Case Western Reserve cha Marekani wamekuwa wakichunguza kichocho katika vijiji vya huko. Mmoja wao, Charles King, aliongoza uchambuzi uliochapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2005 uliopinga hesabu rasmi za kimataifa za uzito wa ugonjwa huo. Hesabu hizo zilikipa kichocho ulemavu usiofika hata asilimia moja, kwa kuwa wenye nacho wengi wanatembea, wanakula, wanakwenda shuleni na kazini. King na wenzake walikusanya tafiti za upungufu wa damu, maumivu, udumavu na kushindwa kustahimili kazi, wakahitimisha kwamba uzito wa kweli uko kati ya asilimia 2 na 15. Takwimu za dunia zilikuwa zimekosea kama lilivyokosea daftari la mnyapara. Aliyesimama wima alihesabiwa mzima.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, serikali ya kikoloni yenyewe ilianza kuchoka na kibarua wa kuja na kwenda. Migomo ya Mombasa, mkubwa wake ukiwa wa Januari 1947, iliitia hofu. Bandarini, vibarua walikuwa wameanza kuandikishwa tangu 1944, na katika miaka iliyofuata waliofanya kazi siku chache waliondolewa kwenye orodha, ili ibaki idadi ndogo ya watu wa kudumu. Wengi wa walioathirika walikuwa watu wa vijiji vya karibu, waliozoea kuvuka kivuko cha Likoni kwa siku kadhaa za kazi na kurudi kwao. Kamati ya serikali iliyoitwa ya Carpenter ikapendekeza mwaka 1954 kwamba mshahara utoshe familia, si mwanamume mmoja aliyeacha mke shambani. Siwezi kuyabeza mageuzi hayo. Mfanyakazi wa kudumu alipata nyumba, likizo na hatimaye chama cha kumtetea. Ramisi, iliyokuwa mikononi mwa kampuni ya Associated Sugar ya ukoo wa Madhvani, ilikuwa na mafundi, madereva, makarani na wachemshaji sukari ambao maisha yao yalitengemaa kwa namna ambayo baba zao hawakuijua. Lakini tazama kigezo kilichotumika kuchuja: idadi ya siku. Asiyefikisha siku zinazotakiwa hakuwa na nia ya kazi. Hakukuwa na safu ya pili ya kuuliza ni kwa nini hakufikisha. Mwenye matende, aliyekuwa amejipatia riziki ya nusu kwa miaka, alikutana na mlango uliofunguliwa kwa wale tu wenye riziki nzima.

Najua hapa naweza kudhaniwa nausifu ukibarua. Siusifu. Kibarua aliyelala wiki kwa mtoki hakupata chochote, hakuwa na pensheni, na watoto wake walilipa siku zile kwa chakula walichokosa. Tena mzigo mkubwa wa ile ardhi inayosubiri uliangukia wanawake, waliolima, kutwanga na kumwuguza mgonjwa bila jina lao kuingia kwenye kadi yoyote. Ninachosema ni chembamba kuliko sifa: mfumo mbaya ulikuwa na nafasi ambayo mfumo bora uliisahau, na aliyeikosa nafasi hiyo ni yule aliyeihitaji zaidi.

Kiwanda cha Ramisi kilifungwa mwaka 1988. Mji ukapwaya, mashamba yakaota vichaka, na ardhi ikawa ya mabishano ambayo hayajaisha. Katika miaka ya kungoja, UKIMWI ulienea, na baadaye kisukari na shinikizo la damu vikazidi, yaani magonjwa mengine ya kuishi nayo. Miwa iliporudi kupitia kampuni ya KISCOL, sheria ilikuwa imebadilika. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa mfanyakazi aliyetimiza miezi miwili mfululizo siku saba za ugonjwa kwa mshahara kamili na saba nyingine kwa nusu mshahara, kila mwaka, akileta cheti cha mtabibu. Inakataza kumbagua mtu kwa ulemavu au kwa hali yake ya UKIMWI, na inamtaka mwajiri amsikilize mfanyakazi kabla ya kumwachisha kwa kushindwa na mwili. Kifungu cha 37 kinataka hata kibarua aliyefanya kazi kwa jumla ya mwezi mmoja mfululizo ahesabiwe kuwa wa mshahara wa mwezi. Ni hatua kubwa tukikumbuka kwamba wazee wa watu haohao wangeweza kufungwa jela kwa kutofika.

Lakini zipime siku 14 kwa magonjwa ya Ramisi. Tuchukue mtu ambaye homa ya matende humjia mara nne kwa mwaka, kila mara siku tano: anahitaji siku 20. Tuchukue mwenye kisukari anayetakiwa kliniki Msambweni mara moja kwa mwezi, akapanda matatu alfajiri na kurudi alasiri: siku 12 zimekwisha, na bado hajaugua. Sheria imetungwa kwa ajili ya ugonjwa wenye mwanzo na mwisho, kama malaria au mkono uliovunjika. Kifungu cha 37 nacho kinahesabu mfululizo, na ugonjwa wa kujirudia kazi yake ni kukata mfululizo. Kwa hiyo anayehitaji zaidi kuvuka kutoka ukibarua hadi mkataba wa mwezi ndiye ambaye mwili wake unamrudisha mwanzo kila mara. Na akikosa kuvuka, masharti ya kusikilizwa kabla ya kuachishwa hayamfikii, maana kibarua haachishwi. Asubuhi moja jina lake halisomwi.

Mwenye kampuni atasema, na ana haki ya kusema, kwamba hawezi kuendesha kiwanda kwa watu ambao hajui kama watafika. Muwa uliokatwa haumjui mgonjwa. Jibu langu liko shambani kwake. Katika kazi zote za miwa, ni mbili tu zisizosubiri: kukata na kusagisha. Kupanda kunaweza kusogezwa siku kadhaa, kupalilia hivyo hivyo. Kusafisha mifereji, kutunza miche, kutengeneza mitambo wakati kiwanda kinaposimama kwa matengenezo, zote ni kazi zenye nafasi. Ile tikiti ya kale ilihesabu kazi ndani ya majuma sita bila kudai siku maalumu, na mashamba hayakufilisika kwa sababu hiyo. Hakuna kinachozuia mkataba wa leo kuhesabu kazi hizo kwa msimu, na kumlipa mtu mshahara wa kudumu juu ya hesabu hiyo, huku siku za kliniki zikitengwa na siku za kulala.

Hospitali zimekwisha kuonyesha kwamba inawezekana. Zamani mgonjwa wa UKIMWI nchini Kenya alifuata dawa kliniki kila mwezi, akipoteza siku 12 za kazi kwa mwaka hata akiwa mzima kabisa. Kuanzia mwongozo wa mwaka 2016, ambaye hali yake imetengemaa hupewa dawa za miezi mitatu kwa mara moja, na siku hizo 12 zikawa nne. Dawa ni zilezile na ugonjwa ni uleule. Waliobadilika ni wapangaji wa kalenda, baada ya kukubali kwamba mtu wanayemtibu ana kazi ya kwenda. Waajiri na wabunge bado hawajafanya hesabu kama hiyo kwa upande wao, na huko Ramisi wanaoingoja ni pamoja na watu wenye miguu iliyovimba tangu kiwanda cha kwanza kilipokuwa kikisaga.